Maji Yakiingia Nyumbani, Hasara Ni ya Nani? Somo la Jaiha na Mafuriko ya Gatumba

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.



Somo la toleo hili limetokana na swali. Katika darsa yetu ya baada ya Magharibi, ndugu mmoja alieleza kwamba mama yake alikuwa amepanga nyumba Gatumba. Mto ulipofurika, maji yalifika kwenye madirisha. Walitoka na magodoro na masufuria, wakaenda kukaa kwa shangazi yao Buyenzi. Kwa miezi mitatu nyumba ile ilikuwa haikaliki. Maji yalipopungua, mwenye nyumba akaja kudai kodi ya miezi yote mitatu. Ndugu yetu akauliza: je, kodi hiyo ni haki yake?

Kabla mwalimu hajajibu, mwingine akadakia kwamba watu wa kule wamepatwa kwa sababu ya dhambi zao, kwa hiyo watubu kwanza, habari za kodi zije baadaye. Aliyeuliza aliinamisha kichwa. Wiki iliyofuata hakuja darsani.

Naandika somo hili kwa ajili yake kwanza, kisha kwa ajili yetu sote. Swali lake linaonekana dogo, la faranga za kodi. Ukilifuata hatua kwa hatua utaona linatoka kwenye mlango wa nyumba moja, linapita katika mifuko yetu ya zaka, na linafika mpaka kwenye mikutano ya mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Swali lenyewe ni hili: balaa likishuka, hasara ibebwe na nani?

1. Nini kinatokea Gatumba

Gatumba iko magharibi ya Bujumbura, kwenye barabara ya kwenda Uvira, karibu na mpaka wa Kongo. Ni ardhi tambarare na ya chini. Upande mmoja kuna mto Rusizi, unaotoka Ziwa Kivu na kuingia Ziwa Tanganyika. Upande mwingine kuna ziwa lenyewe. Mto ukijaa, maji huenea mashambani na majumbani. Ziwa likipanda, maji ya mto hukosa pa kwenda kwa haraka, nayo hurudi nyuma.

Aprili 2020 Rusizi ilivunja kingo zake na kuzamisha mitaa ya Gatumba. Mwezi huohuo Uvira nayo ilipigwa na mafuriko yaliyoua watu. Tangu hapo maji yamerudi mara kwa mara. Mwaka 2024 usawa wa ziwa ulikuwa kama mita 777 juu ya usawa wa bahari, ukakaribia ule wa mwaka 1964 ambao wazee wa pwani ya ziwa wanaukumbuka. Bandari ya Bujumbura iliingiwa na maji, na watu wa Kalemie na Kigoma nao waliona ziwa likila fukwe zao.

Ziwa Tanganyika lina njia moja tu ya kutolea maji, nayo ni mto Lukuga ulioko upande wa Kongo. Sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kugeuka mvuke kwenye jua. Kwa hiyo mvua zikiwa nyingi miaka kadhaa mfululizo, ziwa hupanda, na kushuka kwake huchukua muda mrefu.

Mvua hizo zinatoka wapi? Mwishoni mwa mwaka 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, ulio karibu nasi, ulipata joto kuliko kawaida kwa kiwango ambacho ni nadra kuonekana. Mwaka 2023 joto kama hilo lilirudi pamoja na El Niño. Hali hizi zilikuwepo tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba dunia nzima imeongezeka joto kwa zaidi ya digrii moja tangu viwanda vilipoanza kuchoma makaa ya mawe na mafuta. Hewa ikiongezeka joto kwa digrii moja, huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Mvua inaposhuka, hushuka kwa kishindo. Wanasayansi waliochunguza mvua za vuli za mwaka 2023 katika Afrika Mashariki walikuta kwamba joto hili lililosababishwa na binadamu liliziongezea nguvu.

Tuwe waadilifu katika maelezo. Si kila tone ni la mabadiliko ya tabianchi. Milima yetu imekatwa miti, udongo unashuka mitoni na kujaza vitanda vya mito, na watu wamejenga mahali ambapo maji yana desturi ya kupita. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014, mvua ya saa chache ilishusha maji na matope kwenye mitaa ya kaskazini ya Bujumbura, wakafa watu zaidi ya 60. Mvua ilikuwa kubwa, na vilima vilivyokuwa uchi viliongeza balaa.

Matokeo yake ni kwamba, kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Uhamaji, zaidi ya asilimia 80 ya waliohama makwao ndani ya Burundi wamehamishwa na maafa ya asili. Nchi hii ilizoea kuwahesabu wakimbizi wa vita. Sasa inawahesabu wakimbizi wa maji.

2. Je, ni adhabu?

Tumjibu ndugu aliyedakia, kwa adabu, maana kauli yake tunaisikia hata kwenye mimbari.

Imesimuliwa na Anas bin Malik (r.a.), katika Bukhari na Muslim, kwamba bedui mmoja aliingia msikitini Ijumaa, Mtume (s.a.w.) akiwa anahutubu, akamlalamikia ukame. Mtume akainua mikono akaomba, mvua ikanyesha wiki nzima. Ijumaa iliyofuata akaja mtu, huyohuyo au mwingine, akasema nyumba zimebomoka na mali imezama. Tutazame Mtume alifanya nini. Hakuuliza ni nani aliyetenda dhambi. Hakuwaambia wenye nyumba zilizobomoka kwamba wamestahili. Aliinua mikono na kumwomba Mola wake ayapeleke mawingu pembezoni, kwenye vilima, mabonde na miti, yasiwe juu ya watu.

Katika hadithi nyingine sahihi, Mtume (s.a.w.) amewataja mashahidi wasiokufa vitani, na miongoni mwao ni aliyekufa kwa kuzama na aliyeangukiwa na jengo. Basi mtu ambaye Mtume amempa daraja ya shahidi, sisi tunapata wapi ujasiri wa kumwita mwenye kuadhibiwa?

Wapo wanaotumia Suratur-Rum, aya ya 41, inayoeleza kwamba ufisadi umedhihiri bara na baharini kwa sababu ya yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Aya hii ni hoja nzito, ila izingatiwe vizuri. Inasema mikono ya watu, haisemi mikono ya walioathirika. Inaweza kuwa mkono mmoja umetenda na nyumba nyingine imezama. Mrundi mmoja kwa mwaka hatoi hata kilo 100 za hewa ya ukaa kutokana na mafuta na viwanda. Wastani wa dunia ni zaidi ya tani 4 kwa kila mtu, na kwa Mmarekani mmoja ni kama tani 14. Ukitaka kutumia aya hii Gatumba, usimnyooshee kidole mama aliyebeba godoro kichwani. Itumie kuuliza ni mikono gani iliyochuma, na nani analipa.

Toba ni wajibu wetu sote kila siku, walio juu ya kilima na walio bondeni. Bali kumhukumu mwenye msiba si toba.

3. Jaiha ni nini

Wanazuoni wa fiqhi wana neno kwa ajili ya hasara ya namna hii: jaiha. Ni balaa linaloangamiza mali bila mtu kuweza kulizuia, kama baridi kali, nzige, upepo au mafuriko. Hadithi mbili, zote katika Sahih Muslim, ndizo msingi wa mlango huu.

Ya kwanza ni ya Jabir (r.a.). Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba ukimuuzia ndugu yako matunda, kisha yakapatwa na jaiha, si halali kwako kuchukua chochote kwake, kwani utakula mali yake kwa haki gani?

Ya pili ni ya Abu Said al-Khudri (r.a.). Mtu mmoja alinunua matunda, yakapata maafa, madeni yakamzidi. Mtume akawaambia watu wamtolee sadaka. Wakatoa, lakini haikufikia deni lake. Hapo Mtume akawaambia waliokuwa wakimdai wachukue kile walichokikuta, na kwamba hawana zaidi ya hicho.

Wanazuoni wamezisoma hadithi hizi kwa njia tofauti. Imam Malik ameona muuzaji anapunguza bei hasara ikifikia theluthi. Wenzetu wa madhehebu ya Hanbali wanaona hasara ya jaiha humwondokea mnunuzi, ila ikiwa ni kidogo sana. Imam Shafii, ambaye wengi wetu huku Afrika Mashariki tunafuata madhehebu yake, katika kauli yake ya mwisho ameona kupunguza ni jambo la kupendeza, si la lazima, na miongoni mwa hoja zake ni hadithi hii ya pili: mtu yule angesamehewa moja kwa moja, kusingekuwa na haja ya kumchangia.

Hata hivyo, tazama kile ambacho hakuna aliyekihitalifu. Hakuna mwanazuoni aliyesema kwamba mwenye kupatwa aachwe peke yake. Katika kisa cha Abu Said, hasara iligawanywa. Aliyepatwa alitoa alichokuwa nacho, jamii ikachanga, na wadai wakakubali pungufu. Hii ndiyo sura ya kukumbuka: hasara ya jaiha ina mabega mengi.

4. Kodi ya nyumba iliyozama

Sasa turudi kwa ndugu yetu. Kupanga nyumba ni ijara, na katika ijara unachonunua ni manufaa, yaani kukaa. Wanazuoni wameeleza kwamba nyumba ikianguka kabisa, mkataba unakoma kwa muda uliobaki. Ikiwa imesimama lakini imeharibika kiasi cha kutokalika, mpangaji ana haki ya kuuvunja mkataba, na kodi ya siku ambazo manufaa hayakuwepo haimlazimu. Kodi ya miezi mitatu ya maji, basi, haina kilichouzwa ndani yake.

Deni la kabla ya mafuriko, kama lipo, linabaki kuwa deni. Lakini Suratul-Baqara, aya ya 280, imeamrisha mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wepesi, na ikaeleza kwamba kusamehe ni bora zaidi. Hili linamhusu pia mkulima wa mpunga wa bonde la Imbo aliyekopa mbegu na mbolea, kisha Rusizi ikalala juu ya shamba lake. Anayemdai hana ruhusa ya kumwongezea deni kwa sababu amechelewa. Hiyo ni riba, na ni riba juu ya msiba.

Hapa kuna jambo ambalo sikulifikiria mwanzoni. Mwenye nyumba naye ni nani? Gatumba wenye nyumba wengi si matajiri. Ana vyumba vitatu vya matofali mabichi, na kodi yake ndiyo chakula chake. Maji yameyeyusha kuta zake. Tukisema mpangaji asilipe, tumesema kweli, lakini hasara haijatoweka. Imehama tu kutoka kwa maskini mmoja kwenda kwa maskini mwingine. Kwa hiyo swali letu halijaisha. Nani anambebea mwenye nyumba?

5. Bega la umma

Hapa inaingia zaka. Miongoni mwa mafungu manane ya Suratut-Tawba, aya ya 60, kuna mafukara, masikini na gharimina, yaani waliolemewa na madeni. Imepokewa kutoka kwa Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas (r.a.), kwamba alipowaeleza gharimina alimtaja mtu ambaye mali yake imechukuliwa na mafuriko, na yule ambaye mali yake imeteketea kwa moto. Na katika hadithi ya Qabisa bin Mukhariq (r.a.), Mtume (s.a.w.) amemruhusu aliyepatwa na jaiha kuomba mpaka apate cha kusimamisha maisha yake.

Zingatia kipimo hicho: cha kusimamisha maisha. Si kilo mbili za unga na picha ya kuweka mtandaoni. Mwenye nyumba apate matofali. Mkulima apate mbegu za msimu ujao. Mvuvi apate nyavu. Sisi tumezoea kugawa zaka kidogo kidogo mwezi wa Ramadhani kwa kila anayenyoosha mkono, na baada ya siku tatu kila mmoja anarudi alipokuwa.

Mfano wa uongozi tunaupata katika mwaka wa 18 wa Hijra, uliojulikana kama Mwaka wa Ramada. Ukame uliikausha Hijazi mpaka ardhi ikawa kama majivu, na watu wa jangwani wakamiminika Madina. Khalifa Umar bin al-Khattab (r.a.) aliwaandikia magavana wake, na misafara ya chakula ikaja. Aliakhirisha kukusanya zaka mwaka ule, kwa kuwa aliyefiliwa na mifugo hadaiwi zaka. Yeye mwenyewe alijizuia kula samli na nyama mpaka watu wapate, rangi yake ikabadilika kwa kula mafuta ya zeituni. Kisha alitoka na watu kuomba mvua. Dua yake haikuchukua nafasi ya barua kwa magavana, na barua haikuchukua nafasi ya dua.

6. Bega la waliosababisha

Umma wa Waislamu wa Bujumbura hauwezi kuijenga Gatumba upya kila mwaka. Lazima tupande ngazi nyingine.

Kwanza, ndani ya nchi. Fiqhi ina mlango unaoitwa harimu, yaani eneo la pembeni ya kisima au mto ambalo halimilikiwi wala halijengwi, ili maji na watu wapate njia. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 imeweka jambo linalofanana na hilo: mita 150 kutoka Ziwa Tanganyika zibaki wazi. Mwenye uwezo akijenga hoteli au ukumbi ndani ya eneo hilo, na maskini akajenga kibanda kwa kukosa pengine, makosa yao hayalingani. Na anayehamishwa apewe pa kwenda penye maji, shule na shamba. Kuhama mahali pa hatari si kukimbia kadari. Umar (r.a.) alipokataa kuingia nchi ya tauni alieleza kwamba anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari yake nyingine.

Pili, nje ya nchi. Kanuni ya fiqhi inasema madhara yaondolewe, na Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru na kulipizana madhara. Anayemharibia mwenzake mali huwajibika kulipa, hata kama hakukusudia. Afrika yote hutoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa ya dunia. Kwa miaka mingi nchi zilizo katika hatari zilidai mfuko wa kulipia hasara na uharibifu. Mwaka 2022 mataifa yalikubaliana kuuanzisha mjini Sharm el-Sheikh, na mwaka 2023 ukazinduliwa Dubai kwa ahadi za dola milioni 700 hivi, kwa dunia nzima. Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba nchi zina wajibu wa kisheria kuilinda hali ya hewa, na kwamba kuuvunja wajibu huo kunaweza kuleta dai la fidia.

Tusione haya kusema pia kwamba miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mafuta duniani zimo nchi za Waislamu. Madhara hayabadiliki jina kwa sababu aliyeyasababisha anaswali.

Kwa hiyo, fedha za mfuko huo zikifika nchini, tusizipokee kama sadaka ya tajiri kwa maskini. Sadaka hushukuriwa, na mtoaji huchagua kiasi. Fidia hudaiwa, na huhesabiwa.

7. Sisi tufanye nini

Mwanafunzi hana mali, ila ana elimu na miguu. Napendekeza mambo manne kwa umoja wetu.

Moja, kamati ya wanafunzi wa sharia na wa sheria za nchi iende Gatumba pamoja na imamu kusuluhisha madai ya kodi na madeni, kabla hayajageuka ugomvi.

Mbili, fungu la gharimina litengwe wazi katika zaka inayokusanywa chuoni, na lipewe familia chache kwa kiasi cha kuzisimamisha.

Tatu, wanafunzi wa kilimo na jiografia watufundishe darsani kuhusu miti ya kingo za mito na matuta ya milimani. Anayepanda mti ukaliwa na ndege, mtu au mnyama, hadithi imemhesabia kuwa ni sadaka.

Nne, tuulinde ulimi. Mwenye msiba akija darsani, ajibiwe alichouliza.

Nilimtembelea yule ndugu kwa shangazi yake kabla ya kuandika. Mama yake alinisikiliza habari ya ijara mpaka mwisho, kisha akasema kodi ya miezi mitatu haina haki, amefahamu, lakini akipata chochote atampelekea mwenye nyumba nusu, kwa sababu naye analala chini ya turubai na ana wajukuu. Mama yule hajasoma hadithi ya Abu Said, na ameshaanza kubeba fungu lake. Waliobaki ni sisi, na wale walioko mbali zaidi.

Wallahu aalam.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Kwa nini Imam Shafii hakuona kupunguza bei kwa jaiha kuwa ni lazima, na kauli yake inamwachia nani wajibu wa kumsaidia aliyepatwa?
2. Taja tofauti kati ya kodi ya siku za mafuriko na deni la kabla ya mafuriko.
3. Je, mwenye nyumba aliyepoteza kuta zake anaweza kuingia katika fungu la gharimina? Kwa masharti gani?
4. Ni ardhi gani katika mtaa wako ingestahili kuitwa harimu ya mto, na nani anaitumia sasa?